Joel tulimsamehe, Abby tukamhukumu: historia ya mizani mbili kwenye magemu

Zamu ya kuandika historia imenifikia, na nimechagua historia ambayo wengine mtasema si historia: magemu. Najua. Lakini gemu ya video ina miaka zaidi ya hamsini sasa, ina wazee wake, ina vita vyake, na ina watu waliotishiwa maisha kwa sababu yake. Hiyo inatosha kuitwa historia.

Tuanze na mwezi wa saba 2020. Dunia imefungwa kwa sababu ya korona, watu wako ndani. Mwigizaji mmoja Mmarekani, Laura Bailey, anaweka kwenye Twitter baadhi ya ujumbe anaotumiwa na watu asiowajua. Wanamwambia watamtafuta, watamuua. Kosa lake ni nini? Aliigiza sauti na miondoko ya msichana anayeitwa Abby kwenye gemu ya The Last of Us Part II, iliyotoka tarehe 19 mwezi wa sita mwaka huohuo. Hakuandika hadithi. Aliitwa kazini, akafanya kazi. Ikabidi studio ya Naughty Dog, waliotengeneza gemu hiyo, watoe tangazo kulaani vitisho.

Abby alifanya nini? Alimuua Joel. Na Joel ni nani, hapo ndipo utamu ulipo, kwa hiyo vumilieni nieleze taratibu kwa wale ambao hawajacheza.

Gemu ya kwanza ilitoka 2013. Ugonjwa wa kuvu unageuza watu kuwa mazombi, serikali zinaanguka, na miaka ishirini baadaye mzee mmoja anayeitwa Joel, mfanya magendo, anapewa kazi ya kumsafirisha binti wa miaka kumi na nne, Ellie. Ellie ameumwa na mgonjwa lakini hageuki. Mwili wake una kinga. Kuna kundi la wapiganaji, Fireflies, wanaotaka kutengeneza chanjo kutoka kwake. Joel alishapoteza binti yake usiku wa kwanza wa janga, alipigwa risasi na mwanajeshi. Njiani anaanza kumpenda Ellie kama mwanawe. Mwisho wa safari, hospitalini Salt Lake City, anaambiwa chanjo haiwezekani bila kuutoa ubongo wa Ellie, yaani atakufa. Joel anaua walinzi, anamuua daktari wa upasuaji, anamuua Marlene kiongozi wa Fireflies aliyekuwa akimwomba amwache aondoke, kisha anambeba Ellie na kumdanganya kwamba wako wengi wenye kinga kama yeye na haikusaidia kitu.

Hebu tuhesabu. Huyo mzee ameua watu wengi, ameondoa pengine tumaini la mwisho la dunia, na amemdanganya mtoto aliyemwamini. Na kabla ya hapo gemu yenyewe inatuonyesha kwamba zamani aliishi kwa kuvizia wasafiri na kuwaibia. Kanuni zote za nyumbani kwetu zingemwita jambazi. Lakini mashabiki walimpenda. Mpaka leo wanabishana kama alifanya sawa, na wengi wanasema, mimi pia ningefanya hivyohivyo. Mzazi ni mzazi.

Sasa Abby. Yule daktari wa upasuaji ambaye mwaka 2013 hakuwa hata na jina, kumbe alikuwa baba yake. Anakua na kidonda hicho, anafanya mazoezi mpaka anakuwa na mikono kama ya mbeba mizigo wa bandarini, anamtafuta Joel miaka, anampata Wyoming, anampiga risasi ya mguu na kummaliza kwa fimbo ya gofu huku Ellie amelazwa chini anatazama. Ni tukio baya. Sitaki mtu anielewe vibaya, lilinichefua. Lakini Ellie na mdogo wake Joel aliwaacha hai, ingawa wenzake wengine walitaka wamalizwe wote. Nusu ya pili ya gemu inakupa umcheze Abby mwenyewe siku tatu ndani ya Seattle. Unamwona anaogopa urefu, analala na mwanaume ambaye mpenzi wake ni mjamzito, anasaliti jeshi lake ili kuwaokoa watoto wawili wa upande wa adui, Yara na Lev.

Yaani hadithi ni ileile. Mpiganaji aliyefiwa, mwenye damu mikononi, anayepata roho tena kwa kumlinda mtoto asiye wake. Joel akiwa hivyo tunalia. Abby akiwa hivyo, watu wakarusha video za namna zote anavyoweza kufa: wanamwacha makusudi aliwe na mazombi, wanamrusha toka juu, wanacheka.

Na mwili wake je! Jamani, mwili wake ulileta maneno kuliko mauaji. Eti hakuna mwanamke mwenye misuli namna hiyo. Mwili ule ulichukuliwa kutoka kwa mwanamke halisi, mwanamichezo Colleen Fotsch, muogeleaji wa zamani aliyeingia kwenye mashindano ya CrossFit. Watu walikataa kuamini kitu ambacho kipo na kinatembea. Ndani ya gemu hiyohiyo kuna kuvu linaloota kichwani mwa mtu na kumpasua fuvu, hilo waliliamini bila shida.

Kabla sijaenda mbali, niwe mkweli kwa upande wa pili, sababu si kila aliyeichukia Part II alichukia mwanamke. Watu walidanganywa na trela: kwenye tangazo moja alionekana Joel akimfuata Ellie Seattle, kumbe kwenye gemu aliyesimama pale ni kijana mwingine, Jesse. Hadithi ilivuja mwezi wa nne 2020 kabla haijatoka, watu wakapata vipande vya juujuu tu. Tena gemu inakukatisha pale hasira yako ilipopanda, inakurudisha nyuma siku tatu kwa masaa mengi. Unaweza kuchukia mpangilio huo bila ubaya wowote. Vilevile mwaka 2010 kwenye Metroid: Other M, mashabiki walilalamika kwamba Samus, shujaa aliyesafisha sayari peke yake tangu 1986, sasa anangoja mwanaume ampe ruhusa ya kutumia silaha zake mwenyewe. Pale walikuwa wanamtetea dhidi ya walioandika. Kukosoa kuna aina nyingi.

Ila tazama kasi. Part II inachukua masaa zaidi ya ishirini kumaliza. Ndani ya siku ileile ya kwanza, maelfu walishaipa sifuri kwenye tovuti ya Metacritic. Waandishi wa magemu waliipa wastani wa zaidi ya 90 kwa 100, watumiaji wa kawaida ikashuka chini ya 4 kwa 10 kwa siku hizo. Mwezi uliofuata Metacritic ikabadilisha sheria: gemu mpya isubiri masaa 36 kabla mtu wa kawaida hajaruhusiwa kuipa alama. Hawa hawakuwa wanakosoa mpangilio wa sura ya tano. Walikuwa hawajafika huko.

Sasa kwa nini? Hapa ndipo tunarudi nyuma kwenye historia, na naomba msiruke sehemu hii.

Mwanzoni magemu hayakuwa ya wavulana. Mwaka 1980 Toru Iwatani wa Japani alitengeneza Pac-Man akifikiria wasichana na wapenzi wanaotoka pamoja, kwa kuwa sehemu za kuchezea zilikuwa zimejaa wanaume na magemu ya kupiga risasi. Mwaka huohuo Roberta Williams alitoa Mystery House, moja ya magemu ya kwanza ya hadithi yenye picha kwenye kompyuta za nyumbani. Mwaka 1981 Dona Bailey alishiriki kutengeneza Centipede pale Atari, na ile mashine ilipendwa sana na wanawake. Mwaka 1982 Carol Shaw akatoa River Raid. Majina ya wanawake yapo pale msingini, kwenye tofali la kwanza kabisa.

Halafu soko la Marekani likaanguka mwaka 1983. Magemu mabovu yalikuwa mengi mno, maduka yakabaki na mizigo, Atari ikafikia kuzika katriji zake jangwani New Mexico. Mwaka 1985 Nintendo walipotaka kuingia Marekani, wenye maduka hawakutaka hata kusikia neno gemu ya video. Basi Nintendo wakaja kwa mlango wa midoli, na karoboti kadogo pembeni ili ionekane ni mchezo wa kuchezea. Na duka la midoli lina pande mbili: huku wasichana, huku wavulana. Lazima uchague rafu. Wakachagua ya wavulana.

Kuanzia hapo hesabu ikawa imejifunga yenyewe. Matangazo yanaongea na mvulana, mvulana ndiye anayenunua, utafiti unaonyesha mnunuzi ni mvulana, kwa hiyo gemu inayofuata inatengenezwa kwa ajili yake. Na ndani ya gemu, mwanamke alikuwa na kazi moja. Kwenye Donkey Kong ya 1981 alikuwa juu ya jengo anapiga kelele. Kwenye Super Mario Bros. ya 1985 alikuwa kwenye ngome nyingine. Yeye ni zawadi ya mwisho wa safari. Hata Samus wa Metroid, ambaye mchezaji alidhani ni mwanaume ndani ya vazi la chuma, ukimaliza gemu haraka sana anavua vazi na kubaki na nguo ndogo. Mwanamke shujaa wa kwanza mkubwa, na bado alikuwa zawadi kwa aliyemcheza.

Zawadi haina kosa wala dhambi. Umewahi kuona kikombe cha mpira wa miguu kinachokosea? Vizazi viwili vya wachezaji walikulia hapo, kwa hiyo siku mhusika mwanamke anapofanya ubaya mkubwa kwa sababu zake mwenyewe, wengi hawana mahali pa kumweka.

Lara Croft alikuja 1996 kutoka studio ya Core Design ya Derby, Uingereza. Wengine mtasema mambo yalibadilika hapo. Kidogo. Alikuwa jasiri, tajiri, mwenye bastola mbili, na tulimcheza sisi. Lakini matangazo yake yaliuza kifua kuliko makaburi aliyochimbua. Kilichonifungua macho ni cha baadaye. Walipokuwa wanamtengeneza upya kwa ajili ya gemu ya 2013, akiwa msichana anayeumia na kuogopa, mmoja wa wakubwa wa mradi, Ron Rosenberg, alieleza mwaka 2012 kwamba wachezaji huwa hawajioni wao ndio Lara. Wanataka kumlinda, wanakwenda naye kama msaidizi wake. Kulikuwa na kelele nyingi juu ya maneno yale. Mimi naona alisema ukweli bila kukusudia.

Fikirini. Ukimshika Joel kwenye padi, wewe ndiye Joel. Pale hospitalini gemu haikuruhusu uendelee kabla hujamuua yule daktari. Kidole ni chako. Dhambi yake ni dhambi yako, na nani anajinyima msamaha mwenyewe? Ukimshika mwanamke, wengi wanabaki nje wakimtazama. Ni mlinzi, ni kaka mkubwa, ni bwana harusi. Na aliye nje ana nafasi ya kuwa hakimu.

Mtaniuliza ushahidi. Upo mmoja ninaoupenda, na haukupangwa na mtu.

Mwaka 2007 studio ya BioWare ya Edmonton, Kanada, ilitoa Mass Effect. Unacheza kamanda Shepard, na unachagua awe mwanaume au mwanamke. Maneno ni karibu yaleyale kwa wote wawili, maamuzi ni yaleyale. Shepard anaweza kuwa mkatili: anasukuma mtu dirishani, anapiga mwandishi wa habari ngumi. Mwaka 2011 BioWare walisema waliochagua Shepard mwanamke ni kama asilimia 18 tu. Lakini hao waliomchagua walimpenda kufa, na sauti ya Jennifer Hale inatajwa mpaka leo kati ya sauti bora za magemu. Gemu zote tatu zilipotolewa upya 2021, walifika asilimia 32. Sijawahi kusikia mchezaji wake akisema eti huyu mwanamke ni katili mno. Alikuwa ndani yake. Makosa ya Shepard yalikuwa na sababu, sababu zilikuwa za mchezaji.

Kwenye meli hiyohiyo yuko Ashley Williams, askari. Huyu humchezi, unaongea naye tu. Ashley hawaamini viumbe wa sayari nyingine. Babu yake alisalimisha kambi ya binadamu kwa viumbe hao vitani na jina la ukoo likachafuka, yeye amepanda vyeo kwa taabu kwa sababu ya jina hilo. Mashabiki wengi wakampachika jina la mbaguzi na likamganda miaka yote. Mwangalie sasa rafiki yake Garrus, mwanaume, polisi. Garrus anachukia sheria zinazomzuia, anataka kuua watuhumiwa bila kesi, na kwenye gemu ya pili ya 2010 anaongoza kikosi kinachoua wahalifu kwa mkono wake mwenyewe. Huyo ni kipenzi cha mashabiki. Wanamwita rafiki wa kweli. Mimi pia nampenda Garrus, lakini nikimsikiliza vizuri, ile ni hotuba ya kila mwenye bunduki aliyesimamisha gari letu barabarani.

Ashley ana ulimi mbaya na woga wa kurithi. Garrus ana maiti. Wanaoongoza kwa kulaumiwa ni wenye ulimi.

Kuna Kratos pia. Kwenye God of War ya 2005 huwezi kupita mlango mmoja mpaka umteketeze mfungwa anayelia ndani ya kizimba. Kwenye ya tatu, 2010, anamtumia mwanamke mateka kama kigingi cha kuzuia mlango usifunge, mwanamke anasagwa. Kisha 2018 Kratos akarudi na ndevu na mtoto wa kiume, akawa baba anayejifunza upole, na gemu ikapata tuzo ya gemu bora ya mwaka. Watu wazima walilia. Mwaka huohuo Arthur Morgan wa Red Dead Redemption 2, mwizi aliyempiga mgonjwa wa kifua kikuu kwa sababu ya deni, akaambukizwa, akatubu, tukalia tena. Sina ubaya na machozi hayo. Hadithi ya mwanaume mbaya anayegeuka ni ya zamani kama misahafu, tumeisikia tangu utoto, tunajua pa kulia. Hadithi ya mwanamke mbaya anayegeuka hatujapewa nyingi, na tulizonazo mara nyingi anageuka kwa kufa.

Mtu atasema: mbona Ellie ni mwanamke na anapendwa? Swali zuri, na nimelifikiria sana. Kwenye Part II Ellie anamtesa Nora mpaka aseme Abby yuko wapi. Anamuua Mel, mjamzito, kabla hajajua. Anaacha mke na mtoto shambani kwenda kutafuta kisasi mara ya pili. Kwa idadi ya maiti Ellie anamshinda Abby kwa mbali. Lakini Ellie tulimpokea kwa mkono wa Joel. Kwanza alikuwa mtoto tuliyempeleka salama, na anapoua, anaua kwa jina la baba ambaye ni sisi. Amerithi msamaha wetu. Abby naye anaua kwa jina la baba, ila baba yule tulimuua wenyewe bila kumuuliza jina. Kumpenda Abby kunadai ukubali kwamba ile siku ya 2013, ulipokuwa shujaa, kuna mtoto ulimfanya yatima. Si rahisi. Nadhani hasira nyingi zilitoka hapo, zikapata njia nyepesi ya kupitia: mwili wake, misuli yake, uso wake.

Na hapo naona sababu mbili zimekutana. Yoyote aliyemuua Joel angechukiwa. Angekuwa mwanaume angechukiwa pia, sitadanganya. Lakini mwanaume angechukiwa kama adui. Wangemwita mkatili, na baada ya masaa kumi ndani ya viatu vyake baadhi wangeanza kusema ni adui wa heshima. Abby alichukiwa kama kosa la asili, kitu ambacho hakikupaswa kuwepo. Ndiyo maana matusi yalimvuka yeye yakamfikia mwanamke mwenye nyama na damu aliyemwigiza.

Sisi hapa tunajua kitu kuhusu kuhukumiwa kwa uchache. Kijana mmoja akikamatwa na simu ya wizi, kesho yake sokoni sote ni wale wakimbizi. Mwenyeji akiiba simu, ni fulani mwana wa fulani. Wengi wana ruhusa ya kuwa na mtu mbaya mmoja kati yao, wachache hawana. Kwenye magemu wanawake walikuwa wachache hivyo. Kwenye maonyesho makubwa ya E3 mwaka 2015, waliohesabu walikuta magemu yenye mhusika mkuu mwanamke peke yake ni asilimia 9, na mwaka uliofuata 3. Mwaka 2014 Ubisoft, walipoulizwa kwa nini wachezaji wanne wa Assassin's Creed Unity wote ni wanaume, walisema kumweka mwanamke kungeongeza kazi kubwa mno ya kuchora miondoko. Hata The Last of Us ya kwanza, kampuni ya utafiti haikuwa imepanga kuwahoji wanawake kabisa, Naughty Dog walilazimika kuomba. Na walishauriwa wamtoe Ellie mbele ya kava, wakakataa. Ukiwa na wanaume mia kwenye rafu, mmoja akiwa Kratos hakuna anayeona wanaume wote wamechafuka. Ukiwa na wanawake watatu, kila mmoja anabeba jinsia nzima mgongoni.

Dada zetu wanaosoma hapa wanalijua bila gemu. Kwenye kamati ya bloku moja ninayoijua, mwenyekiti mwanaume alipoteza hesabu ya michango na tukaambiwa ni bahati mbaya, karatasi zililowa mvua. Aliyemfuata alikuwa mama mmoja. Alichelewa kusoma hesabu wiki mbili, na mpaka leo jina lake linatumika kama mfano kila dada anapotaka kugombea. Wiki mbili!

Kuna jambo jingine kwenye gemu hii linalotuhusu. Neil Druckmann, aliyeongoza Part II, alizaliwa Israeli na kukulia Ukingo wa Magharibi. Alieleza mwaka 2020 kwamba mbegu ya hadithi ilikuwa video aliyoiona mwaka 2000, askari wawili wakiuawa na umati, na namna yeye mwenyewe alivyotamani kuwaumiza waliofanya vile, kisha baadaye akaogopa tamaa ile. Unaweza kukubaliana naye au kubishana naye kuhusu mambo ya kwao, watu wanabishana sana. Mimi ninachosema ni kwamba sisi tuliotoka Kivu na Burundi tunaijua hesabu ya wewe uliua wa kwetu, sasa zamu yako. Tunajua pia kwamba anayelipa kisasi akiwa mwanaume anaimbiwa. Mwanamke aliyeshika bunduki msituni akirudi nyumbani, hata kama alilazimishwa, haolewi. Mwenzake wa kiume, waliyelala naye handaki moja, anatafutiwa mke na familia. Sikuhitaji PlayStation kuliona hilo. Ila nilipomaliza nusu ya Abby kwenye kibanda tunacholipia kwa saa, na kijana wa pembeni akasema yule dume-jike afe tu, nilielewa kwamba tunaongea juu ya kitu kimoja.

Na kuna wasichana wanaomcheza. Hili husahaulika. Marekani karibu nusu ya wanaocheza magemu ni wanawake, ingawa rafu ya 1985 bado inawafanya waonekane wageni. Wengi wao walimpenda Abby kwa kitu kilekile kilichowakera wengine: mwanamke mkubwa, mwenye hasira, asiyeomba radhi kwa nafasi anayochukua, anayekosea vibaya na hadithi haimwui kumwadhibu. Mwisho wa gemu, ufukweni California, Ellie ana mikono shingoni mwake majini na anamwachia. Abby anapanda mtumbwi na Lev na kuondoka hai. Wapo wasiosamehe mwisho huo mpaka leo.

Part II iliuza nakala zaidi ya milioni nne ndani ya siku tatu za kwanza. Mwezi wa kumi na mbili 2020 ilichukua tuzo ya gemu ya mwaka, na Laura Bailey akachukua tuzo ya mwigizaji bora. Mtu angedhani mambo yameisha. Kisha HBO wakaifanya tamthilia, na msimu wa pili, uliotoka mwezi wa nne 2025, Abby akaigizwa na Kaitlyn Dever, msichana mwembamba asiye na misuli ile waliyoilalamikia. Wakati wa kurekodi ilibidi apewe walinzi wa ziada. Mwigizaji mwenzake, Isabela Merced, alipohojiwa ilimbidi awakumbushe watu wazima kwamba Abby si mtu wa kweli.